Mama Maabara Anajibu: Picha za hadubini ya elektroni na mwanafunzi wa shahada ya kwanza

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba mwanafunzi wa biolojia anayehitimu shahada ya kwanza bila kuwahi kushika rula na kuipima picha ya hadubini ya elektroni, huyo amepunjwa. Kumbe nimechokoza nyuki. Wapo walionishukuru, na wapo walioniuliza kwa ukali kama nayajua maisha ya vyuo vyetu. Nayajua. Kazi yangu ilikuwa ufundi sanifu wa maabara, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilipita nikikata tishu za ng'ombe kwa ajili ya hadubini hizo katika taasisi moja ya utafiti wa mifugo. Baadhi ya wahadhiri mnaowaogopa leo ni mimi niliyewaonyesha namna ya kushika kibano. Sasa tuzisome barua.

*Shikamoo Mama. Nafundisha biolojia ya seli kwenye chuo kisicho na hadubini ya elektroni wala matumaini ya kuipata. Darasa lina wanafunzi 180. Huwa nawaonyesha picha mbili tatu kwa projekta, kisha naendelea na mada. Kuna maana gani kutumia kipindi kizima cha vitendo kwa mashine ambayo hawataigusa?*
— Mhadhiri msaidizi, Mwanza

Marahaba, mwalimu. Maana ipo, ila projekta iweke kando. Picha ikiwa ukutani anayeitazama ni wewe. Darasa linanakili majina yaliyoandikwa pembeni. Waulize baada ya wiki mitokondria, ile sehemu ya seli inayozalisha nishati, ilikuwa na ukubwa gani, watakujibu "ndogo sana".

Zichapishe picha hizo kwenye karatasi, nyeusi na nyeupe, kubwa kadiri duka la fotokopi la hapo getini linavyoweza. Futa majina yote. Acha kitu kimoja tu, ule mstari mfupi wa kipimo pembeni ulioandikwa mikromita 1 au nanomita 500. Karatasi moja kwa wanafunzi wanne, rula moja, halafu wewe nyamaza.

Zoezi la kwanza ni hesabu ya shule ya msingi ambayo wengi wataikosa. Mstari wa mikromita 1 una urefu wa milimita 25 kwenye karatasi. Mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita, kwa hiyo picha imekuzwa mara 25,000. Mitokondria yenye upana wa milimita 15 kwenye karatasi basi ina upana wa mikromita 0.6. Wakishafurahi, wape picha ileile ikiwa imekuzwa mara moja na nusu kwenye fotokopi, na chini yake yabaki maandishi ya kitabuni, "imekuzwa mara 25,000". Watakaoiamini namba hiyo mitokondria yao itanenepa hadi mikromita 0.9. Watakaoupima mstari wa kipimo, ambao umekua pamoja na picha, watarudi kwenye 0.6. Waache wabishane kabla hujatoa jibu. Nimewaona wanafunzi wa uzamili wakinasa hapo, na tasnifu mkononi.

Hapo ndipo unapowaeleza kwa nini mashine hii ilihitajika, na watakusikiliza kwa sababu wana namba mkononi. Hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana kuliko takriban nanomita 200 (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita). Ernst Abbe alilieleza jambo hilo mwaka 1873, na kusugua lenzi vizuri zaidi hakusaidii. Ribosomu, kiwanda kidogo cha protini ndani ya seli, ina kama nanomita 25. Elektroni iliyosukumwa kwa volti 100,000 ina urefu wa wimbi wa nanomita 0.0037, na badala ya kioo hupindishwa kwa koili za sumaku. Max Knoll na Ernst Ruska waliijenga ya kwanza Berlin mwaka 1931. Ruska alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, Knoll akiwa ameshafariki. Wanasayansi nao husubiri mafao.

Zoezi la pili ni la slesi. Ini lina seli zenye upana wa kama mikromita 20. Slesi nzuri ya hadubini hii, yaani kipande chembamba cha tishu, ina unene wa nanomita 70 hivi. Wagawanye: seli moja inatoa slesi zaidi ya 280, na karatasi iliyo mbele yao ni moja kati ya hizo. Sasa waulize kwa nini seli hii haina kiini. Kuna atakayeandika kwamba ni seli isiyo na kiini. Mpe ndizi na kisu, mwambie aikate kwa mapana, kisha kwa mshazari, kisha kwa urefu, na achore anachokiona kila mara. Ile mitokondria ya mviringo na ile ndefu atazielewa papo hapo, na ndizi wataila. Ukibaki na muda, tandaza juu ya picha plastiki angavu yenye nukta mia moja zilizopangwa kwa mistari, wahesabu nukta ngapi zimeangukia ndani ya mitokondria. Wakijumlisha picha za kutosha za seli za ini, watakaribia moja ya tano ya ujazo wa seli. Namba hiyo imo vitabuni, lakini hapa wameitoa wenyewe kwa penseli.

La tatu ndilo ninalolipenda, na linatoka kwetu. Mwaka 1980 Don Fawcett, mmoja wa wakubwa wa hadubini hii duniani, alistaafu Harvard akaja Nairobi, kwenye maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyokuwa Kabete, ILRAD. Yeye na wenzake walifuatilia namna kimelea cha ndigana kali, Theileria parva, kinavyoingia kwenye chembe nyeupe ya damu ya ng'ombe, na wakachapisha picha zake mwaka 1982. Kimelea hiki hakichagui upande. Kinagusa seli ubavu au kichwa, utando wa seli unakikumbatia hatua kwa hatua mpaka kimezama. Kikishazama, utando uliokifunika unayeyuka, kikabaki huru kabisa ndani ya seli. Vimelea vingi vya jamii yake hujificha ndani ya kifuko. Hiki hakina kifuko. Baadaye huisukuma seli igawanyike bila kukoma, na chenyewe hujishikiza kwenye nyuzi zinazogawa kromosomu ili kigawanywe pamoja nazo. Mfugaji huona matezi yamevimba chini ya sikio.

Tafuta picha nne za namna hiyo: kimelea nje kimegusa, nusu kimezama, ndani kikiwa na utando, ndani bila utando. Zichanganye, usiandike lolote, waambie wazipange. Watazipanga kwa haraka, tena karibu wote sawasawa. Kisha uliza: mmejuaje kwamba hakitoki? Kila picha hapo ni ya seli tofauti iliyokufa wakati tofauti, na hakuna hata moja inayoonyesha mwendo. Ili kujua mfuatano walilazimika kuchanganya vimelea na seli, na kuziua kwa dawa baada ya dakika chache, kisha baada ya dakika zaidi, wakihesabu ngapi ziko nje na ngapi ndani. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe, kipindi chako cha vitendo kimelipa. Mia na themanini si kikwazo. Gawa zamu tatu, karatasi ni zilezile.

*Mama, kwenye intaneti naona virusi vya zambarau, chavua ya manjano na mbu wa kijani. Mhadhiri anasema picha za elektroni ni nyeusi na nyeupe. Sasa rangi zinatoka wapi?*
— Mwaka wa kwanza, Eldoret

Zinatoka kwenye kompyuta ya mtu. Rangi ni jambo la mwanga, na hapa hakuna mwanga uliopita kwenye sampuli. Kinachopimwa ni elektroni ngapi zimefika kwenye kila nukta, basi. Anayetia zambarau huwa na nia njema, anataka utofautishe kirusi na seli, lakini hakikisha maelezo ya picha yanasema rangi imeongezwa.

Ila nikuchokoze kidogo. Hata weusi wenyewe usiuamini haraka. Katika picha ya slesi, utando wa seli unaonekana kuwa mistari miwili myeusi yenye mwanya mweupe katikati, jumla nanomita saba au nane. Utando wenyewe umejaa kaboni, haidrojeni na oksijeni, ambazo haziwasumbui elektroni. Kilicho cheusi ni metali nzito tuliyoitia sisi, osimiamu, urani na risasi, mahali zilipong'ang'ania. Ukiona sehemu nyeupe kwenye picha usiandike "hapana kitu". Andika kwamba hapakushika dawa.

*Kwenye mtihani niliandika kwamba mesosomu si sehemu halisi ya bakteria, nikakatwa alama. Kitini tulichopewa kinasema ndipo bakteria anapopumulia. Nani yuko sahihi?*
— Aliyeomba jina na chuo visitajwe

Uko sahihi wewe.

Miaka ya 1950 watu walipoanza kukata slesi za bakteria, hasa wale wanaoshika rangi ya Gram, waliona utando umejikunja kuelekea ndani na kufanya vifuko na vizingo. Vilionekana kwenye maabara nyingi, kwa hiyo haikuwa uzembe wa mtu mmoja. Mwaka 1960 vikapewa jina la mesosomu, na baada ya jina zikafuata kazi: kupumua, kujenga ukuta wa seli, kutenganisha DNA wakati wa kugawanyika. Mwanafunzi wa zamani aliyafahamu yote hayo kwa moyo.

Tatizo lilikuwa kwenye namna ya kuwaua. Dawa za kuimarisha tishu hupenya taratibu, na bakteria hafi mara moja. Kwa muda mfupi huo utando wake unalegea na kujikunja. Walipoanza kuwagandisha kwa baridi kali ghafla, kwa kasi ambayo maji hayapati nafasi hata ya kufanya fuwele, vifuko vikatoweka. Ukitia dawa kwanza halafu ukagandisha, vinarudi. Kufikia miaka ya 1980 wengi walikuwa wameshakubali kwamba mesosomu ni kitu kilichotengenezwa na maandalizi yetu. Vitini havikupata taarifa. Vinarithishwa mhadhiri kwa mhadhiri, na picha ile ikishafika fotokopi ya kumi hakuna anayeweza kuona kilichomo.

Mimi ningetumia kisa hiki kufundishia kuliko kukificha. Weka picha mbili za bakteria wa aina moja, mmoja wa dawa na mmoja wa kugandishwa, uwaulize wanafunzi ni ushahidi gani ungewafanya waamini kifuko kipo. Huwa wanaanza kwa kusema "picha iliyo wazi zaidi". Hapana, picha za mesosomu zilikuwa wazi sana. Na wasidhani kwamba wakubwa hawabishani: George Palade na Fritiof Sjöstrand walitazama mitokondria wakati mmoja, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Palade akasema mikunjo ya ndani ni utando wa ndani uliojikunja, Sjöstrand akasema ni kuta zinazojitegemea. Vitabu vilimfuata Palade. Miaka ya 1990, slesi nene zilipopigwa picha kwa pembe nyingi na kujengwa upya na kompyuta, ikaonekana mikunjo mingi imeungana na utando wa ndani kwa vishingo vyembamba tu, tofauti na milango mipana iliyochorwa ubaoni kwa miongo.

Kuhusu alama zako, usiende na ukurasa huu mkononi kumwambia mwalimu wako "Mama Maabara kasema". Nenda ofisini kwake saa ambazo hana foleni, mpe shikamoo yake, mwambie umesoma kitabu kipya cha mikrobiolojia kikasema tofauti na kitini na unaomba akusaidie kuelewa. Kitabu kipeleke. Walimu wengi wakipewa nafasi ya kurekebisha bila kuaibishwa, hurekebisha.

*Shikamoo Mama. Binti yangu yuko mwaka wa tatu, kanieleza mradi wake una osimiamu na urani. Urani! Hiyo si ya mabomu? Nimekosa usingizi. Nimkataze?*
— Mzazi, Tanga

Marahaba, dada. Usimkataze, ila uliza maswali mawili nitakayokupa.

Urani inayotumika ni chumvi iitwayo uranili asetati. Mionzi yake ni hafifu, na sehemu kubwa haipenyi hata ngozi. Hatari yake ni kuuvuta unga wake au kuumeza, kwani ni sumu ya figo. Kwa hiyo kazi ya kupima unga huo si ya mwanafunzi. Anapewa maji yaliyokwisha kuchanganywa, matone machache, akiwa na glovu, na mabaki yake hayamwagwi kwenye sinki. Maabara nyingine sasa zimehamia kwenye chumvi mbadala zisizo na urani.

Ninayoiogopa mimi ni osimiamu tetroksaidi. Huja kwenye vichupa vya kioo vilivyozibwa kwa moto, na mvuke wake unatoka hata kwenye joto la kawaida la chumba. Mvuke huo unashika mafuta, ndiyo sababu tunaitaka, maana utando wa seli una mafuta. Jicho pia lina utando. Kichupa kinafunguliwa ndani ya kabati la kuvuta hewa chafu linalofanya kazi kweli, na pembeni pawe na chupa ya mafuta ya mahindi. Yakimwagwa juu ya osimiamu yanageuka meusi na kuiua nguvu. Maswali yako basi: je, kabati hilo linavuta? Na je, anayefungua kichupa ni fundi mwenye uzoefu? Jibu likiwa "ndiyo" mara mbili, lala. Likiwa "kabati ni bovu ila tunafungua madirisha", piga simu kwa mkuu wa idara, tena siku hiyohiyo.

Kazi inayomfaa yeye iko mbele zaidi, tishu ikishakuwa ndani ya plastiki ngumu. Mwache akate. Kipande kidogo kuliko kichwa cha kiberiti kinapanda na kushuka mbele ya kisu cha kioo, na nyuma ya makali ya kisu pana kidimbwi cha maji. Kila slesi inateleza juu ya maji ikiwa imeshikana na iliyotangulia, unakuwa utepe. Unene husomwa kwa rangi ya mwanga unaorudi juu ya maji: kijivu ni nyembamba mno, fedha ndiyo tunayoitaka, nanomita 60 hadi 90, dhahabu imezidi kidogo, zambarau tupa. Utepe unasogezwa kwa unyoya mmoja wa kope uliogundishwa kwenye kijiti, kisha unaokotwa kwa gridi ya shaba yenye kipenyo cha milimita tatu. Kope zangu mwenyewe zimefanya kazi hiyo sana. Na akifika kwenye rangi ya risasi, mwambie asipumue juu ya tone. Hewa itokayo puani ina kaboni dioksaidi, inageuza risasi kuwa vidoa vyeusi, na wiki nzima ya kazi inaonekana kumwagiwa pilipili manga.

*Jambo Mama. Profesa alituonyesha picha ya kirusi cha Ebola, uzi mrefu uliojikunja upande mmoja. Alisema hakikukatwa slesi. Sasa kilionekanaje? Na sisi wanafunzi tunaweza kufanya vitendo vya namna hiyo?*
— Mwaka wa tatu, Goma

Jambo, mwanangu. Profesa wako kasema kweli. Virusi ni vyembamba kiasi kwamba elektroni zinapita bila kukata chochote. Unaweka tone la sampuli kwenye gridi yenye utando mwembamba wa kaboni, unaongeza tone la chumvi ya metali nzito, unafyonza kwa ncha ya karatasi ya kuchujia, unaacha ikauke. Metali inazunguka kirusi pande zote na kirusi kinabaki cheupe juu ya weusi. Ni kazi ya dakika chache, wakati slesi huchukua siku kadhaa.

Kwenu Kongo njia hiyo ilikuwa na uzito wake. Damu ya mgonjwa wa mlipuko wa Ebola kule Yambuku ilisafiri kwenye themosi hadi Antwerp, Ubelgiji, mwishoni mwa Septemba 1976. Waliotazama huko waliona nyuzi ndefu zisizo za kawaida. Tarehe 13 Oktoba, Frederick Murphy wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, huko Atlanta akapiga picha ile maarufu unayoijua. Umbo lilisema ni jamaa ya Marburg, kirusi kilichoonekana Ujerumani mwaka 1967. Vipimo vya kingamwili vikasema jamaa ndiyo, lakini si Marburg. Ukikumbuka jambo moja la mtihani, kumbuka hilo. Picha inakupa familia ya kirusi bila wewe kujua mapema unatafuta nini. Jina lake kamili linahitaji vipimo vingine.

Kwa vitendo vyenu achaneni na virusi vya watu. Chukueni kirusi cha batobato la tumbaku, ambacho hakimdhuru mtu. Ni kimoja cha virusi vya kwanza kuonekana kwa hadubini ya elektroni, mwaka 1939, na mmoja wa walioandika taarifa yake alikuwa Helmut Ruska, daktari, ndugu yake Ernst. Ni vijiti vigumu vyenye urefu wa nanomita 300 na upana wa 18, na vimejaa kwenye jani lenye ugonjwa. Kata ukingo wa jani, gusisha kwenye tone lililo juu ya gridi, tia chumvi, kausha. Hayo yote mnaweza kuyafanya kwenye meza ya kawaida. Gridi iliyokauka inasafiri ndani ya kiboksi chake hadi kwenye taasisi yoyote yenye hadubini, na picha zinarudi kwa barua pepe. Kila mwanafunzi apime vijiti hamsini, achore chati ya urefu, aeleze kwa nini vingine ni vifupi. Vingi vimevunjika wakati wa kukausha, lakini waache wafikie hapo wenyewe.

Wanafunzi wa kilimo waonyesheni pia kirusi cha michirizi ya mahindi. K. R. Bock, mtafiti aliyekuwa Muguga, Kenya, na wenzake walieleza mwaka 1974 kwamba chembe zake hukaa mbilimbili, zimegandana ubavu kwa ubavu, jozi moja ikiwa na kama nanomita 30 kwa urefu. Kirusi cha batobato la muhogo ni cha ukoo huohuo. Usianze nacho vitendo, kwa sababu ndani ya jani ni haba na mtakesha mkitafuta.

*Mama Maabara, idara yetu imeahidiwa hadubini ya elektroni iliyotumika, ile ya kupiga picha za uso wa kitu. Mkuu wa idara keshaandaa na keki. Tufundishe nini kwanza?*
— Mtaalamu wa maabara, Nakuru

Keki isubiri, ndugu yangu. Uliza kwanza nyuzi za tungsteni zinazotoa elektroni bado zinauzwa kwa modeli hiyo. Uzi mmoja huungua baada ya saa za kazi zinazohesabika, na nimeona mashine nzuri ikifunikwa shuka kwa sababu ya kitu kidogo kuliko pini. Uliza nani atakuja pampu ya ombwe ikigoma, na analipwa na fungu lipi. Uliza chumba. Jenereta ikitingisha sakafu, au transfoma ikiwa nyuma ya ukuta, picha zitakuwa na mawimbi na mtalaumu lenzi. Umeme ukikatika ghafla na hakuna betri ya kushikilia, ombwe linakwenda. Wakati mwingine mashine ndogo ya mezani inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida inawafaa wanafunzi kuliko hilo dubwana la zamani la msaada, na mwambie mkuu wa idara hivyo kabla hajasaini kulipokea.

Ikija na ikafanya kazi, anzeni na vitu vikavu. Kitu chenye maji hakiingii kwenye ombwe. Kinatoa mvuke, kinasinyaa, na kuchafua mashine. Mchanga wa Pwani ukichagua vizuri una magamba ya viumbe wa seli moja, foraminifera, yenye vyumba na vitundu, wala hayahitaji dawa yoyote. Chavua kavu. Fukusi wa mahindi. Mbawa za mbu, mkaone magamba yake na mistari iliyo juu ya kila gamba. Tieni vumbi jembamba la dhahabu ili elektroni zisirundikane na kuifanya picha iwake. Wanafunzi wasizidi sita ndani ya chumba, na anayeshika vitufe awe mwanafunzi. Mhadhiri akae nyuma.

Lakini cha siku ya kwanza kiwe kupe, amelazwa chali. Kabla ya kumuweka, kila mmoja achore anavyodhani mdomo wake ulivyo. Wengi watachora sindano. Kisha kuzeni taratibu kuanzia mwili mzima, msiruke, mpaka kwenye kile kichokoo cha katikati ya mdomo, wakaone safu za meno, kila jino limeelekea nyuma. Mtoto wa mfugaji aliyewahi kumvuta kupe kwenye sikio la ndama atapiga kelele kabla yenu. Hapo muulizeni kupe anang'olewaje, na meno hayo yanaongezeka vipi kutoka kwa lava hadi mkubwa. Mkipata jibu la nyuzi za tungsteni na la umeme kwa maandishi, niandikieni tena, nitawaeleza namna ya kumkausha kupe bila kumkunja.